Upinde Hulala Mguuni

Wengi wanaijua Busia kwa foleni yake: malori ya mafuta na saruji, wabadilisha fedha na mafungu yao ya noti, akina mama wanaovusha nyanya, mayai na dagaa kabla jua halijawa kali. Hayo yote yapo na yana utamu wake. Lakini nimerudi kutoka upande ule wa mpaka nikiwa na jambo jingine kifuani, na ningependa wasomaji waende wakalione wenyewe. Nchi ile, kuanzia vilima vya Samia hadi mwamba wa Tororo, ilikuwa nchi ya wawindaji tangu kale mno. Alama zao bado ziko kwenye miamba, kwenye mabwawa ya mafunjo, na kwenye mikono ya wazee ambao hawajavuta upinde kwa miaka mingi.

Mimi ni mtu wa Pwani, na habari za pinde nilizisikia tangu utotoni. Nyuma ya Malindi, kuelekea Tsavo, waliishi Wawaata, wawindaji wa tembo. Pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa, nguvu ya pinde ndefu za vita za Waingereza wa karne ya 16, kama zile zilizoopolewa baharini katika mabaki ya meli ya Mary Rose. Kila aliyenisimulia habari za Wawaata alinisimulia mvuto na mshale: upote ukalia, tembo akaenda hatua kadhaa, akaanguka. Hakuna aliyenisimulia saa zilizotangulia. Mwindaji alikaaje? Upinde aliuweka wapi? Mkono uliokuwa umeushika tangu alfajiri ulipataje nguvu ya kuuvuta adhuhuri? Maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka Busia.

Funyula

Nilikunja Bumala, nikashuka kuelekea ziwani. Vilima vya Samia vinaanza taratibu, vichuguu virefu pande zote za njia, udongo mwekundu uliojaa chuma. Kabla ya majembe ya viwandani kuingia, Wasamia walichimba mawe ya vilima hivi, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyovuka ziwa na kulipiwa mahari katika nyumba za mbali. Vilima hivyo viko pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vilevile. Mpaka ndio uliochelewa kufika.

Mhunzi niliyemkuta karibu na soko hayeyushi mawe tena. Anafua springi za malori: visu, majembe, mapanga. Lakini babu yake alifua vigumba, na nilipomwomba anieleze alichora viwili mavumbini kwa ncha ya koleo. Cha kwanza kina miiba, ili kisichomoke mnyama akikimbia. Cha pili ni laini, chembamba kama jani la mchai, cha ndege na wanyama wadogo.

"Watu huuliza ukali," alisema. "Babu alikuwa akiulizwa uzito. Kigumba kizito kinazama vizuri, lakini bwana, kinamchosha anayengoja. Mshale unainama mbele, mkono unaurudisha, unainama tena. Mwindaji mzuri alikuwa anakuja kupima kwanza. Anauweka mshale juu ya kidole gumba, anafumba macho."

Chakula cha mchana kilikuwa ugali mweusi wa muhogo na wimbi, na ngege wa ziwani aliyepikwa kwa mchuzi mwepesi. Ugali ule mtu wa Pwani huuona mgumu mwanzoni. Una ladha ya udongo na moshi, unakaa tumboni kutwa nzima, na sasa naelewa kwa nini ndio uliopelekwa porini.

Busia mpakani

Hapa nilipita tu. Hadi mwaka 1902 ardhi hii yote, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Kisha mstari ukasogezwa, na jamaa wa ukoo mmoja wakaamka wakiwa wa nchi mbili. Tangu Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri anamaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Bodaboda zilizaliwa kwenye mpaka huuhuu, zikiwa baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma. Nilikula rolex ya moto, chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya, nikanunua kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, nikaendelea.

Siteko

Nje ya mji, mto Sio unalegea na kuwa bwawa. Mafunjo yanasimama juu kuliko mtu, na ukiingia ndani sauti za barabarani zinakatika. Bwawa la Sio-Siteko ni la nchi mbili: maji hayaulizwi kitambulisho. Humo huishi nzohe, paa wa majini, mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye matope. Akishtuka hakimbii kama paa wengine. Anaingia majini taratibu, anazama, anaacha pua tu juu.

Mnyama wa namna hiyo hafukuzwi, hungojewa. Kijana aliyenipeleka, mvuvi wa kambare na kamongo, alinionyesha njia za nzohe, vijia vyembamba vilivyolazwa ndani ya mafunjo. Alisema wazee walikaa pembeni mwa vijia hivyo alfajiri, maji yakiwafika magotini, upepo ukiwapiga usoni ili harufu yao iende nyuma. Nilimuuliza: mtu aliyesimama majini anaupumzisha wapi upinde wake? Chini ni maji, na upote wa kano za mnyama ukilowa hulegea, ukawa hauna kazi. Akafikiri. "Begani," akasema, "au kwenye mafunjo yenyewe. Wanasema walikuwa wanayasuka." Akashika mashina matatu, akayafunga pamoja chini ya vichwa vyake kwa jani moja, na papo hapo pakawa na pembe ya kutundikia kitu.

Tulikaa hapo hadi jua likachomoza vizuri. Korongo wenye taji la dhahabu kichwani, ndege wa bendera ya Uganda, walipita wawili wawili wakienda kula mashambani. Hakuna aliyekuwa na silaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaitia marufuku hiyo uzito. Uganda nayo ina sheria zake. Naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, maana nchi hii imejaa watu na nzohe waliobaki ni wachache. Lakini sheria ilipouzuia mshale, elimu ya kungoja nayo ilikosa pa kwenda, na hilo halikumshughulisha mtu.

Njiani kurudi barabarani niliona mahali elimu hiyo inapoishi bado. Katika baadhi ya maboma husimamishwa mti mrefu uliotundikwa vikapu vidogo vya kusukwa, kila kimoja na tombo ndani. Tombo hao huita usiku kucha. Wenzao wa porini husikia, hushuka, na hunaswa kwenye mitego ya nyuzi chini. Mwenye mitego hulala karibu akisikiliza, asikohoe wala kuwasha taa. Ni uwindaji wa sikio.

Kakapel

Kesho yake nilipanda kuelekea Teso Kaskazini. Ardhi inabadilika. Mawe ya matale yanajitokeza mashambani, makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana. Ni vilima vya Chelelemuk, na mbele yake, siku isiyo na ukungu, Mlima Elgon unajaza upande wote wa kaskazini. Ndani ya vilima hivyo kuna mwamba wa Kakapel, uliotangazwa kuwa mnara wa kitaifa wa Kenya mwaka 2004. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa shule wa nchi hizi mbili angeletwa hapa mara moja maishani.

Mwamba umeinama mbele kama paji la uso, na chini ya mwinamo huo, mahali pakavu, pana michoro. Ya zamani kabisa ni ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara, mistari, maumbo yasiyo ya mnyama wala mtu. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale, jamii za Watwa. Juu yake wapo ng'ombe, waliochorwa na watu wa baadaye waliofika na mifugo. Nilitafuta upinde katika michoro ile, sikuuona.

Chini ya mwamba wanaakiolojia wamechimba kwa miaka kadhaa. Watu walianza kukaa hapa takriban miaka 9,000 iliyopita, wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu vya mtindo unaoitwa Kansyore. Katika makala ya Julai 2024, watafiti wakiwemo Steven Goldstein, Natalie Mueller, Emmanuel Ndiema na Christine Ogola walieleza mabaki ya mimea iliyoungua: kunde ya miaka 2,300 iliyopita, na wimbi wa angalau miaka 1,000. Kunde ile ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa kilimo katika Afrika Mashariki. Nilipokula jioni ile kwa jirani wa mwamba, sahani ilikuwa na majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga iliyosagwa na atap, ugali wa Kiteso wa wimbi na muhogo. Nilikula polepole.

Hapo nyumbani ndipo nilipompata mzee niliyekuwa nikimtafuta bila kumjua. Baba yake alikuwa Mteso, mama yake Msabaoti wa Elgon, na kwa desturi ya wakati ule alilelewa miaka kadhaa kwa wajomba. Wateso wengi walikuwa watu wa mkuki. Upinde aliupata mlimani. Nilimwamkia "Yoga, Papa," kama nilivyofundishwa, akanivuta mkono nikae karibu naye.

Upinde wa mjomba wake bado anao, juu ya dari jikoni, mweusi kwa moshi. Hauna upote tena. Alimtuma mjukuu akaulete, akamtuma tena alete kamba ya katani, akaifunga ncha mbili bila kuupinda sana, maana mti wa umri ule ungekatika. "Na hata zamani," alisema, "hukai na upinde uliotiwa upote usiku kucha. Mti unachoka. Unasahau kurudi. Unautia upote ukishafika pale utakapongojea."

Kisha alinipa, akaniambia niushike mbele yangu, mkono umenyooka, kana kwamba mnyama yupo. Ule upinde haufiki kilo moja. Jembe ni zito zaidi yake. Mbuzi wa jirani walikuwa wanakuja njiani, na kabla hawajaupita mwembe ngumi yangu ilikuwa inatetemeka na bega linawaka.

"Sasa kaa, mwanangu."

Alinikalisha juu ya jiwe, goti la kushoto limesimama, mguu wa kulia umekunjwa chini. Akachukua ncha ya chini ya upinde, akailaza juu ya unyayo wangu wa kushoto, katikati ya kidole kikubwa na cha pili. Isiguse ardhi: ardhi ina umande, ina mchanga, na mchanga hupiga kelele. Ncha ya juu akaiegemeza begani, karibu na shavu. Mkono wa kushoto ukabaki kwenye mshiko lakini haukushika, vidole vitatu vimeuzunguka tu. Mshale ukakaa kwenye upote, shina lake limelala juu ya kidole gumba, mkia wake karibu na paja. Mkono wa kulia ukawekwa gotini, mtupu.

Uzito ukaondoka. Siwezi kueleza vingine. Kitu kilekile kilichokuwa kikinielemea sasa kilibebwa na mguu na ardhi. Tulikaa hivyo, yeye akizungumza kwa sauti ya chini, hadi wanafunzi wakatoka shuleni wakapita wakicheka, na mkono wangu ulikuwa mzima.

"Watu wanadhani mkono hutetemeka wakati wa kuvuta," alisema. "Sivyo. Unaanza kutetemeka wakati wa kungoja. Ukivuta unaonekana tu."

Mjomba wake alingoja kwenye maeneo ya chumvi. Elgon ni mlima wa chumvi. Tembo wake huingia mapangoni kuikwangua kwa pembe, na wanyama wadogo hulamba penye udongo wa chumvi nje. Alikaa chini ya upepo, mgongo kwenye mti ili kivuli chake kiungane na cha mti. Pongo hufika kwa kusimama mara nyingi, na kila anaposimama anatazama. Mwindaji hatazamani naye, anatazama miguu yake. Pongo akiinamisha kichwa kulamba, upinde unanyanyuka kidogo. Akiinua kichwa, upinde unasimama hapohapo ulipofika, popote palipo, hata kama ni katikati ya njia. "Hapo ndipo uzito unarudi," mzee alisema. "Hapo tu. Ukiwa umepumzika unauweza. Ukiwa hukupumzika unaushusha, na yeye anakuona."

Kulikuwa na jambo la sumu pia. Mishale ya mlimani ilipakwa utomvu uliochemshwa wa msunguti, sumu inayosimamisha moyo, ileile waliyoitumia Wawaata. Kigumba kilichopakwa huviringishwa ukanda wa ngozi ili kisikauke na kisimchome mwenyewe. Anayengoja lazima aamue lini autoe ukanda. Akiutoa mapema, anakaa na kifo kimelala juu ya kidole chake gumba kwa saa nzima; akichelewa, mnyama anasikia mkwaruzo. Mjomba aliutoa aliposikia ndege wa vichakani wamenyamaza. Mzee aliponieleza hayo alikuwa ameshika mshale usio na kitu kwa namna ya mtu anayeshika kisu kikali.

Nimewaza sana juu ya hayo tangu siku ile. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao bado wanawinda kwa pinde, hukaa usiku kando ya visima kiangazi kinapokomaa, nyuma ya ukuta mdogo wa matawi, na bila shaka nao wana mahali pa kuulaza upinde mwilini. Marekani walilitatua tatizo lilelile kwa mashine. Holless Wilbur Allen alipata hataza mwaka 1969 ya upinde wenye magurudumu nchani, ambao ukishavutwa hadi mwisho sehemu kubwa ya uzito hupotea, na mwindaji anaweza kungoja akiwa amevuta. Ni ubunifu wa kweli. Lakini mlimani Elgon tatizo lilitatuliwa kwa kidole cha mguu, na suluhisho hilo halijaandikwa popote nilipopata kusoma. Katika makumbusho niliyoingia, upinde hutundikwa ukutani ukiwa umelala, na kibao huandikwa jina la kabila na aina ya mti. Ningependa siku moja kuona upinde umesimamishwa juu ya sanamu ya mguu.

Tororo

Nilivuka Malaba nikaingia Tororo mchana. Mwamba wake unaonekana tangu Kenya: shina la volkano ya kale lililobaki baada ya mlima wenyewe kumomonyoka, kilele chake karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Watu huupanda kwa njia ya miguu na ngazi za chuma. Nilipanda asubuhi iliyofuata. Kutoka juu unaiona reli, viwanda vya saruji na moshi wake, vilima vya Osukuru vyenye fosfeti, na kusini, kwa mbali, bluu hafifu ya Samia nilikoanzia. Kwa mtu aliyetoka kwa wawindaji, mwamba ule ni mahali pa kutazamia nchi nzima bila kuonekana.

Tororo ni ya Wateso na Wajopadhola pamoja, na Wajopadhola husimulia kwamba babu yao Adhola alibaki hapa kwa sababu ya jeraha, huku ndugu yake Owiny akiendelea mbele kuelekea Kenya. Profesa Bethwell Ogot aliyakusanya masimulizi yao katika kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini, 1967. Ukikaa nao jioni huhitaji kitabu. Watakuanzishia wenyewe.

Tulikaa kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu, watu wote wamekizunguka. Mwanamume mmoja alipiga adeudeu, kinubi cha Kiteso chenye shingo iliyopinda na kisanduku kilichovikwa ngozi. Wapo wataalamu wa muziki waliodhani kinubi cha namna hii kilizaliwa kutokana na upinde, na mtu akikiona kimelazwa mapajani, shingo imeelekea juu, vidole vimelegea, dhana hiyo haimshangazi.

Niliwasimulia ya Kakapel, na ubishi ukaanza. Mzee wa Kijopadhola akasema watu wake waliwinda kwa mikuki na mbwa, wengi pamoja, na kwamba upinde ni wa mtu asiye na ndugu wa kwenda naye porini. Mteso mmoja, ambaye bibi yake alitoka Bukusu, akamjibu kwamba Wabukusu walikuwa na pinde na ndugu pia, na kwamba mkuki ni wa mtu asiyeweza kutulia. Wote wakacheka, isipokuwa Mjopadhola. Nikamuuliza, kwa heshima, wawindaji wa mkuki walipongoja mbwa wamtoe mnyama kichakani, mkuki waliuweka wapi.

Akauchomoa mrija wake mrefu kutoka chunguni, akasimama, akaweka ncha yake ya chini kati ya vidole vya mguu wa kulia, akaiegemeza ile ya juu begani, na unyayo wa kushoto akaubandika kwenye goti la kulia. Akasimama hivyo kwa mguu mmoja, mzee wa umri ule, bila kuyumba, akaendelea kubishana: kwamba hata namna ya kupumzisha silaha Wasabaoti waliiona kwa Waluo, kwamba mnyama wa kwanza kutoka kichakani huwa wa mwenye mbwa, kwamba mguu wa kushoto haubandikwi juu ya goti bali pembeni mwake. Mteso akasimama naye ili amwonyeshe kwamba ni juu.